Tulijenga Nyumba, Hatukujenga Utaratibu

Abiria anayetoka Dar es Salaam, akishamaliza kupanda Kitonga na kuingia Ilula, huona kwanza mambo mawili: matenga ya nyanya yaliyopangwa kando ya barabara, na mabati. Mekundu, ya bluu, ya kijani, na yale meupe ya zamani yaliyokwisha kushika kutu. Nyumba za tofali za kuchoma zimepanda mpaka kwenye miinuko ambako sisi tulichunga mbuzi. Abiria huyo akiambiwa kwamba katika mji huu mdogo wa Wilaya ya Kilolo wapo watu wasio na pa kuishi, atakataa. Atauliza wako wapi, maana hajaona mtu amelala barazani kwa duka.

Nitamwambia waliko. Yupo mama mjane anayehamishwa kila baada ya mavuno, leo kwa mtoto huyu, kesho kwa yule, na kote anakofika mkeka wake unatandikwa jikoni. Yupo kibarua wa mashamba ya vitunguu, aliyekuja kwa msimu mmoja akabaki, anayelala na wenzake wanne katika chumba kisichotosha vitanda viwili; bei ya nyanya ikianguka, kodi inamshinda na anahamia kwenye banda la matenga. Yupo binti aliyepelekwa mjini kufanya kazi za ndani wakati wenzake wako darasani, akarudi na mtoto mgongoni, akakuta nyumba ya wazazi imeshauzwa. Yupo mzee ambaye nyumba anayo, ila ukuta wa nyuma ulianguka wakati wa mvua na sasa anaishi upande mmoja tu. Hao wote hakuna anayewahesabu kuwa hawana makazi, kwa sababu usiku ukiingia kila mmoja ana mahali pa kujibanza.

Kizazi changu, sisi tuliozaliwa Waingereza wakikaribia kuondoka, ndicho kilichojenga Ilula hii ya mabati. Kazi hiyo naiheshimu, kwa kuwa najua jasho lililomwagika. Lakini nimefika umri ambao mtu anapaswa kusema pia kilichobaki bila kufanywa. Tulijenga nyumba nyingi kuliko kizazi chochote kilichotutangulia, ila utaratibu wa kumhifadhi asiyeweza kujenga hatukuujenga. Wazee wetu walituachia utaratibu wao. Tukaona mwingine ukiletwa na serikali. Taratibu zote mbili zikafia mikononi mwetu. Vijana wanapaswa kulijua hilo, kwa sababu kazi hiyo sasa ni yao.

Wazee wetu wa Kihehe waliishi kwenye matembe. Kijana wa leo akisikia habari za tembe hufikiria kibanda cha maskini. Sivyo. Tembe la mwenye mji lilikuwa jengo refu lililozunguka ua, kuta za miti na udongo, paa bapa lililobebwa na nguzo na kufunikwa kwa udongo. Vyumba vilifuatana: cha mke mkubwa, cha mke mdogo, cha kijana aliyeoa karibuni, cha shangazi aliyerudi baada ya ndoa kuvunjika, cha watoto wa ndugu aliyefariki. Ukoo ukiongezeka, wanaume walikwenda porini kukata miti, wakasimamisha nguzo na kurefusha ukuta, na wanawake wakakanda udongo. Ndani kulikuwa na moshi, mwanga ulikuwa haba, na papasi walikuwa tele. Sitamani mtu yeyote arudi huko. Ninachokikumbuka ni kwamba hakuna aliyemuuliza shangazi atalala wapi. Swali hilo lilikuwa limeshajibiwa na jinsi nyumba yenyewe ilivyojengwa.

Utaratibu huo ulipitia majaribu makubwa. Si mbali na hapa, pale Lugalo, ndipo Chifu Mkwawa na askari wake walipolishinda jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Vita vilivyofuata, mpaka kifo chake mwaka 1898, vilichoma miji mingi ya Uhehe. Wazee walitusimulia jinsi waliounguliwa walivyopokelewa na ndugu na marafiki, wakaongezewa vyumba, wakaanza upya. Hapakuwa na ofisi wala mfadhili wa kuwashughulikia. Kila mwenye ua alijua kwamba hifadhi ni deni, na kwamba kesho itakuwa zamu yake kudai.

Kisha ikaja Tanzania tuliyoipenda. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kazi imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Rika langu ndilo lililokuwa na nguvu za kubeba magogo. Nasema yaliyotokea kama yalivyokuwa: zipo familia katika mkoa wetu zilizobomolewa nyumba kabla ya kiwanja kipya kuwa na hata ukuta mmoja, zikapitisha mvua chini ya nyasi. Machungu hayo yasifutwe kwenye historia. Lakini ukweli una upande wa pili. Kila kaya ilipewa kiwanja bila kuulizwa mkuu wa kaya ana pesa kiasi gani. Mjane alipewa, mlemavu alipewa, aliyetoka mkoa mwingine alipewa. Balozi wa nyumba kumi alikuwa anajua nyumba ipi inavuja, na siku ya kazi za pamoja, kijiji kikikata nyasi kuezeka darasa, hakikushindwa kumwezekea bibi asiye na watoto. Kampeni ya nyumba bora ilitufundisha kupiga tofali, kuweka madirisha, kutenga jiko na chumba cha kulala.

Huko mijini nako nchi ilijaribu. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, likaanza kwa kubomoa vibanda vya Dar es Salaam na kujenga nyumba za watu wa kipato cha chini. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Ikaja Benki ya Nyumba, na mwaka 1974 ukaanzishwa mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima, uliotunishwa kwa makato ya asilimia 2 ya mishahara kutoka kwa waajiri. Miaka hiyohiyo mradi wa viwanja vilivyopimwa na kuwekewa huduma ulifika Mbeya, pale Mwanjelwa, ukawapa watu wa kawaida mahali halali pa kuanzia. Leo Kenya imetunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, inayomkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri wake kiasi hichohicho, na watu wengi wanaiona kama jambo jipya katika Afrika Mashariki. Fikra ya namna hiyo sisi tulikuwa nayo miaka hamsini iliyopita, na mkulima alikuwa ametajwa ndani yake.

Mambo hayo yaliporomoka mbele ya macho yetu. Vita vya Kagera, bei ya mafuta, na madeni vilikausha hazina. Mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wasio na kazi wala anwani ya kueleweka wakakamatwa Dar es Salaam, wakapakiwa kwenye magari na kurudishwa mikoani. Wapo waliorudi Iringa kwa njia hiyo, wakakuta hawana shamba wala chumba. Mtu asiye na makazi akawa anatazamwa kama mzururaji wa kuondolewa mjini. Uingereza kwenyewe, miaka sita tu kabla ya hapo, mwaka 1977, ilikuwa imetunga sheria inayoilazimu halmashauri ya eneo kumtafutia makazi mtu aliyekosa pa kuishi ikiwa ana watoto wadogo, ni mjamzito, ni mzee au mgonjwa. Wao waliweka wajibu kwa ofisi, sisi tukaweka lawama kwa mtu. Benki yetu ya Nyumba ikafungwa mwaka 1995. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba za serikali ziliuzwa kwa maelfu. Shirika la Nyumba likaagizwa kujiendesha kibiashara, na nyumba zake nyingi mpya zikawa za bei isiyofikiwa na mwalimu wa shule ya msingi, achilia mbali mchuuzi wa nyanya.

Wakati serikali inarudi nyuma, Ukimwi uliingia majumbani. Mkoa wetu uliumia kuliko karibu yote: utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa, uliokuwa bado na Njombe ndani yake, watu wazima wapatao 16 katika kila 100 walikuwa na virusi. Barabara kuu ya Zambia, iliyotuletea soko la nyanya, ilituletea na msiba huo. Tulizika watu wa umri wa kujenga. Nyuma yao walibaki bibi na wajukuu, na hapo ndipo utaratibu wa ukoo ulipokatika. Niliona ndugu wa marehemu wakifika baada ya arobaini kuhesabu milango na madirisha. Niliona mjane akiambiwa nyumba ni ya ukoo wa mume, naye ndiye aliyepiga tofali zake. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Mbele ya kikao cha ukoo, wachache walikuwa na ujasiri wa kuzitaja.

Ilula haikukaa bure. Hospitali ya Kanisa la Kilutheri iliuguza na kufariji. Ilula Orphan Program, ambayo hapa tunaiita IOP, kwa msaada wa marafiki kutoka Norwei, ililea mabinti yatima na kusomesha watoto ambao bila hiyo wangekuwa njiani kwenda kufanya kazi za ndani mijini. Nawashukuru wote kwa moyo wangu wote. Hata hivyo yatima akimaliza masomo anahitaji kurudi nyumbani, na kutengeneza nyumbani huko si kazi ya mfadhili. Ni kazi yetu.

Miaka ya karibuni msaada mkubwa wa serikali kwa kaya maskini umepita Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Nimeuona ukifanya kazi, na nimeona pia unapoishia. Jirani yangu mmoja, mama anayenizidi umri kwa mbali, alikuwa mlengwa wa mpango huo. Kila alipopokea malipo, baada ya kununua unga, chumvi na mafuta, alinunua bati moja la geji 30, mara chache mawili, akayaweka chini ya kitanda yakiwa yamefungwa kwa kamba ya mkonge. Kitanda kikainuka mpaka akawa anakipanda kwa kukanyaga kigoda. Nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza kiasi cha kuota magugu. Nikamuuliza, "Mama, haya utayaezeka juu ya nini, nawe huna mbao?" Akanijibu, "Mwanangu, nianze na ninachokiweza. Mbao atakuja nazo mwenye mbao."

Mvua zilianza mabati yakiwa chini ya kitanda na maji yakiwa juu yake. Pesa zilimfikia, bati alilipata, lakini hakuwa na mti wa kenchi, misumari, fundi, wala mtu wa kupanda juu. Mwishowe vijana wa kwaya walijipanga Jumamosi moja. Mmoja alitoa mbao za mbili kwa mbili zilizobaki kwenye ujenzi wake, mwingine alileta misumari, fundi mmoja akasimamia. Asubuhi waliezua nyasi, saa saba wakawa wameshafunga kenchi, na kabla ya jua kuzama bati la mwisho lilikuwa limepigiliwa. Alichokisubiri mama yule kwa misimu miwili ya mvua kilichukua siku moja, kwa vitu ambavyo vyote vilikuwapo tayari kitongojini. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuuliza na kupanga.

Wapo watakaosema kwamba nchi ni maskini, na upungufu wa nyumba zipatazo milioni 3 unaotajwa na viongozi wetu hauwezi kuzibwa na kijiji. Umaskini naujua. Lakini nimeona nchi hiihii ikijenga inapoamua. Kule Hanang, baada ya maporomoko ya matope ya tarehe 3 Desemba 2023, zilijengwa nyumba 109 kwa waliopoteza makazi. Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 zilizokuwa zimeondolewa zilijengewa maghorofa yaliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Msiba wa Hanang ulikuwa mmoja, wa ghafla, na taifa zima liliuona. Watu wa Magomeni walikuwa pamoja, wakawa na sauti moja. Mjane wa Ilula yuko peke yake, na nyumba yake inaanguka pole pole, tofali baada ya tofali, bila kamera. Uhitaji wake ni uleule.

Sheria zetu nazo zimeacha pengo hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Afrika Kusini iliandika haki hiyo katika Katiba ya 1996 na serikali yake imejenga nyumba za ruzuku zaidi ya milioni moja tangu mwaka 1994. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 11, inazungumzia haki ya kufanya kazi, kujielimisha, na kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, lakini iko katika sehemu ambayo mahakama haiwezi kuilazimisha, wala neno la nyumba halimo. Tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na makazi machache ya wazee wasiojiweza, kama Fungafunga pale Morogoro na Nunge kule Kigamboni. Ni huduma ya lazima kwa asiye na mtu kabisa. Lakini mzee wa Ilula hapaswi kushushwa Kitonga akafie ugenini kwa sababu tu ukuta wake wa nyuma umeanguka na hapana wa kuusimamisha.

Kwa hiyo, wanangu na wajukuu zangu, nawaomba mambo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wenu.

Kwanza, kila kitongoji kiwe na daftari la wasio na makazi salama, likiandikwa kwa kutembea nyumba kwa nyumba: anayelala jikoni kwa mtoto wake, anayelala bandani, ambaye paa lake halitavuka mvua zijazo. Mpangaji na kibarua waandikwe pia. Wao ndio wanaochuma nyanya zinazowapa wengine mabati, na kusema si wa hapa ni kukataa jasho tulilokwisha kulinunua.

Pili, ardhi. Vijiji vinavyotuzunguka bado vina ardhi ya pamoja, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuigawa kwa idhini ya mkutano mkuu. Ndani ya mji mdogo viwanja vinapimwa na kuuzwa mwaka hadi mwaka. Kabla vyote havijaisha, vitengwe vichache kwa jina la umma, visivyouzika, vijengwe vyumba viwili viwili vya kupokea mjane aliyenyang'anywa, binti aliyerudi na mtoto, mzee aliyeangukiwa na nyumba. Vyumba hivyo vibaki mali ya jamii. Mmoja akijiweza, anampisha mwingine.

Tatu, fungu la fedha. Halmashauri zetu tayari zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema, ila bibi wa miaka 80 hawezi kukopa, wala paa halizai faida ya kurejesha mkopo. Ushuru unatozwa kwenye mazao yanayotoka Ilula. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikitengwa kila mwaka kwa mbao, misumari na bati, na nguvu kazi ikatoka kwa wananchi wenyewe, hakuna kaya itakayopitisha masika mawili chini ya nyasi zilizooza.

Rika langu lilipoanza kupata pesa ya nyanya na vitunguu, kila mmoja alikimbilia kiwanja chake, akajenga, akazungushia ukuta. Nyumba hizo ni njema na watoto wetu wamelala pakavu. Lakini kwa Mhehe wa zamani mwenye ua alipimwa kwa idadi ya watu waliokuwa na pa kulala kwa sababu yake, na kipimo hicho sisi tulikiacha kipotee tukiwa tunakijua. Ninyi mna elimu kuliko sisi, mna sheria zilizoandikwa, mna simu za kuitana, na mikono yenu ina nguvu. Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nendeni kwenye huo unaofuata mkiwa na majina ya wasio na paa, na msikubali ufungwe kabla kila jina halijapata mtu wa kulishughulikia.